Mvinyo wa Pantelleria watafuta wateja kwenye sahani ya samaki

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakulima wa zabibu wa Pantelleria, kisiwa kidogo cha Italia kilichoko baharini kati ya Sisilia na Tunisia, wana kila sababu ya kuutilia shaka usemi huo. Zao lao ni jema kwa kipimo chochote kile: mvinyo mweupe unaonukia maua ya mchungwa, waridi na ganda la ndimu hata kabla bilauri haijafika mdomoni. Lakini mashamba ya mizabibu ambayo katikati ya karne iliyopita yalihesabiwa kwa maelfu ya hekta, leo yamebaki ya mamia tu. Kwingine matuta ya mawe yaliyojengwa kwa mikono ya mababu yamemezwa na vichaka.

Ubora haujawahi kuwa tatizo. Kilichowasumbua wakulima hao ni soko. Zabibu yao, inayoitwa zibibbo, imeshapoteza soko moja, la pili limesinyaa, na sasa inajaribu la tatu. Soko la kwanza lilikuwa la matunda ya mezani na zabibu kavu. La pili ni la mvinyo mtamu wa kumalizia mlo. La tatu ni la mvinyo mkavu, yaani ule ambao sukari yake imeliwa na hamira ikageuka kilevi, na ambao hunywewa pamoja na chakula chenyewe. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mvinyo wa chakula hauuzwi na sifa zake peke yake. Huuzwa na sahani iliyo kando yake.

Jina la zabibu hiyo halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili. Waarabu walikitawala kisiwa kuanzia karne ya 9 hadi Wanormani walipokitwaa mwaka 1123, na kwa Kiarabu zabib ni zabibu iliyokaushwa. Wenyeji wa Pantelleria walilichukua neno hilo wakalihamishia kwenye tunda bichi na mti wake. Waswahili nao, kwa njia yao na kwa bahari nyingine, walifanya vivyo hivyo, hata ikawa leo anayetaka ile ya kutia kwenye pilau au keki inambidi aseme zabibu kavu. Vitongoji vya kisiwa bado vina majina ya asili hiyo ya Kiarabu: Khamma, Gadir, Bukkuram, Bugeber. Mlima wake mmoja unaitwa Gibele, ambaye ni ndugu wa jabali. Wataalamu wa mizabibu duniani huijua aina hii kwa jina la Muscat ya Alexandria, na ni miongoni mwa aina za kale zinazoendelea kulimwa.

Kilimo cha kuinama

Pantelleria ina eneo la kilometa za mraba 83 hivi, na kilele chake, Montagna Grande, kina urefu wa meta 836. Pwani ya Tunisia iko umbali wa kilometa 70 tu, karibu zaidi kuliko Sisilia. Kisiwa chote ni kazi ya volkeno. Mlipuko wa mwisho ulitokea chini ya bahari mwaka 1891, kaskazini magharibi ya kisiwa, na hadi sasa mvuke wa moto hutoka kwenye nyufa za mawe na maji ya moto hububujika kandokando ya ziwa. Udongo ni mweusi au wa kijivu, mwepesi, uliochanganyika na mawe ya povu yanayoelea majini. Mvua ni haba, na karibu yote hunyesha majira ya baridi.

Adui mkubwa kuliko ukame ni upepo. Huvuma karibu mwaka mzima, ukibeba chumvi ya bahari, na unapokuja wakati wa maua huweza kuondoka na mavuno ya mwaka kabla zabibu hazijafunga. Wakulima hawakuushinda upepo huo, waliamua kujificha. Kila mzabibu hupandwa ndani ya shimo pana lenye kina cha sentimeta 20 hivi, shina likikatwa fupi kiasi kwamba halichungulii sana juu ya usawa wa ardhi. Matawi hulazwa pande zote kama mikono ya mtu aliyejilaza chali. Shimo hukinga upepo, hukusanya maji kidogo ya mvua na kutunza umande wa usiku. Hata michungwa hapa huishi gerezani: mti mmoja hujengewa ukuta wa mviringo wa mawe, mrefu kuliko mtu, ili uzae kwa amani. Nyumba za asili nazo zina mapaa ya kuba yanayoteremsha maji ya mvua hadi kwenye birika lililochimbwa chini, jambo ambalo wazee wa visiwa vya pwani yetu watalielewa bila maelezo.

Mwezi Novemba 2014 UNESCO iliingiza kilimo hiki cha mzabibu wa shimoni katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ufundi wa kilimo wa aina hii kupewa heshima hiyo, na Italia nzima ilishangilia. Mhasibu asingeshangilia kwa haraka. Trekta haliwezi kuingia katika mashamba ya mashimo na matuta. Kupogoa, kupalilia, kukarabati kuta na kuvuna vyote hufanywa kwa mikono, na mvunaji hufanya kazi akiwa ameinama siku nzima kwa sababu kichala kiko usawa wa kifundo cha mguu. Sheria ya jina la asili inamruhusu mkulima kuvuna hadi tani 10 kwa hekta, lakini katika mashimo ya Pantelleria kiasi kinachopatikana kwa kawaida ni kidogo sana kuliko hicho. Kazi ni nyingi, mzigo ni mdogo. Vijana wengi wameipima biashara hiyo wakaona heri wapande meli ya Trapani.

Ndivyo lilivyokufa soko la kwanza. Zabibu ya zibibbo ina kokwa. Zilipofurika sokoni zabibu zisizo na kokwa, mbichi na zilizokaushwa, zikitoka nchi zenye mashamba tambarare na mashine, mlaji hakuona sababu ya kulipa zaidi ili ateme kokwa. Harufu nzuri haikutosha kumfidia.

Hesabu ya chupa

Soko la pili lilikuwa na heshima zaidi. Mwaka 1971 serikali ya Italia iliutambua rasmi mvinyo mtamu wa kisiwa, Passito di Pantelleria, kwa kuupa hadhi ya jina la asili linalolindwa, DOC. Namna ya kuutengeneza inaeleza bei yake. Kuanzia katikati ya Agosti vichala vya mwanzo hukatwa na kuanikwa juani kwa wiki tatu hadi nne, vikigeuzwa kwa mkono. Kilo 100 za zabibu mbichi huishia kuwa kilo 25 hadi 30 za zabibu kavu. Hizo huchambuliwa kutoka kwenye vikonyo, kisha hutiwa katika maji ya zabibu mbichi zilizovunwa Septemba. Humo hulowana na kuachia sukari na harufu taratibu wakati mvinyo unachachuka. Kinachotoka kina rangi ya kaharabu, kilevi kisichopungua asilimia 14, na utamu wa parachichi ndogo za Kizungu zilizokaushwa, tende na asali.

Hapo ndipo kalamu na karatasi vinapohitajika. Mtengenezaji mmoja mkubwa huhesabu kilo nne za zabibu mbichi kwa kila lita ya passito. Kwa hiyo tani moja ya zabibu hutoa lita 250, sawa na chupa 333 za kawaida za mililita 750. Tani hiyo hiyo ikikamuliwa kwa ajili ya mvinyo mkavu hutoa lita 675 hivi, yaani chupa 900. Kabla ya kuhesabu posho ya waanikaji na wachambuzi, chupa ya passito inatakiwa iuzwe kwa karibu mara tatu ya bei ya chupa ya mvinyo mkavu ili tu zabibu zenyewe zilipe sawa. Tena mvinyo mkavu huweza kuwa dukani mwaka unaofuata mavuno, wakati passito nzuri hulala ghalani muda mrefu zaidi na fedha ya mwenye mali imelala nayo.

Mara tatu si bei isiyowezekana. Wapo wanaoipata, na hata kuizidi. Chupa ya Ben Ryé ya kampuni ya Donnafugata, ambayo jina lake ni la Kiarabu na maana yake ni mwana wa upepo, na Bukkuram ya marehemu Marco De Bartoli, mtu wa Marsala aliyeanza kuitengeneza mwaka 1984, zinajulikana na wauza mvinyo wa miji mingi mikubwa. Mwigizaji wa sinema wa Ufaransa Carole Bouquet naye ana mizabibu kisiwani na hutengeneza passito yake. Hao wana majina. Mkulima mwenye nusu hekta hana jina. Ana zabibu tu.

Ugumu mwingine wa mvinyo mtamu hauonekani kwenye hesabu za kiwandani, unaonekana mezani. Chupa ya passito hufunguliwa mlo ukiwa umekwisha. Kila mtu humiminiwa kiasi cha kikombe cha kahawa, wawili hukataa kwa kuwa wameshiba, na chupa hurudishwa kabatini ikiwa nusu. Itamaliza mwezi. Chupa ya mvinyo mkavu hufunguliwa watu wakiwa na njaa, na wawili huimaliza kabla sahani hazijaondolewa. Mwenye duka anajua tofauti ya bidhaa inayokaa na bidhaa inayoisha. Ongeza hapo kwamba walaji wengi wa Ulaya wamepunguza sukari na vinywaji vizito, na sababu ya watengenezaji kugeukia mvinyo mkavu inajieleza yenyewe. De Bartoli alikuwa miongoni mwa waliothubutu mapema, kwa mvinyo wake wa Pietranera. Donnafugata ina Lighea. Wengine wamefuata, na baadhi huchachusha zabibu pamoja na maganda yake katika mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini.

Pua inasema sukari, ulimi unasema chumvi

Zabibu za ukoo wa Muscat zina sifa ambayo zabibu nyingi hazina: mvinyo wake hunukia zabibu. Harufu hiyo hutoka kwenye mafuta mepesi ya asili, hasa linaloli na geranioli, yanayokaa zaidi kwenye ganda. Linaloli ndiyo hiyo hiyo inayotawala harufu ya mbegu za giligilani na iliyomo katika aina nyingi za mrehani. Geranioli imo katika waridi. Ndiyo maana anayenusa zibibbo huhisi kama amepita karibu na kiunga cha maua jioni.

Sifa hiyo ni mtaji na ni mtego. Mnywaji anayenusa hukaribisha sukari. Anapoonja, sukari haipo. Anakuta mvinyo mkavu, wenye mwili kiasi, ladha inayokaribia chumvi, na uchungu mdogo mwishoni kama wa ganda jeupe la chungwa. Anayeletewa bilauri hiyo peke yake, bila kitu cha kutafuna, anaweza kudhani ameuziwa kitu kisichokamilika. Akiwa na kipande cha samaki mdomoni, mambo yanabadilika. Kwa sababu hiyo wauzaji wanaoupanga mvinyo huu kwenye orodha ya vinywaji vya kusubiria chakula wanaupunguzia thamani wao wenyewe. Unafanya kazi vizuri zaidi mlo unapoanza.

Mahali pa kuanzia ni jikoni kisiwani, na hasa kwenye kapari. Hivi ni vichipukizi vya maua vya kichaka kinachotambaa kwenye kuta za mawe na matuta yale yale ya mizabibu. Huchumwa kabla havijachanua, kimoja kimoja, na kuhifadhiwa kwa chumvi ya bahari. Tangu mwaka 1996 kapari za Pantelleria zina hati ya Ulaya ya kulinda asili yake. Kapari ina chumvi, ina ukali kidogo kama wa haradali, na ina harufu ya maua kwa mbali. Mvinyo mwingi mweupe hushindwa nayo. Ukali wa kapari huufanya uonekane maji matupu. Zibibbo mkavu haushindwi, kwa kuwa harufu yake ni kubwa vya kutosha kubaki imesimama, na chumvi hupunguza ule uchungu wa mwisho. Mkulima mmoja huweza kuwa na bidhaa zote mbili shambani mwake. Ni ajabu kwamba mara nyingi zinauzwa mbalimbali, kama watu wasiojuana.

Sahani rahisi inayozikutanisha ni saladi ya kisiwa, insalata pantesca: viazi vya kuchemsha vikiwa bado na uvuguvugu, nyanya, vitunguu vyekundu, zeituni, kapari, majani makavu ya oregano na mafuta ya zeituni kwa wingi. Wenye uwezo huongeza samaki wa kukaushwa. Viazi huubeba mvinyo, mafuta huulainisha. Siri ni kutoweka siki. Zabibu hii, ikiiva kwenye jua kali, haina uchachu mwingi, na siki au ndimu ikizidi kwenye chakula mvinyo huonekana umelegea. Jambo hilo ndilo huwaponza wapishi wengi: wanaona samaki, wanafikiria mvinyo mweupe, kisha wanamkamulia samaki ndimu mbili na kulaumu chupa. Watengenezaji wanaojali huvuna zabibu za mvinyo mkavu mapema kidogo, au kwenye mashamba ya juu ambako usiku kuna baridi, ili uchachu ubaki. Hata hivyo ndimu iwe kwa kiasi.

Sahani kubwa ni kuskusi ya samaki. Ngano iliyoparazwa hufinyangwa kwa vidole kuwa punje ndogo, hupikwa kwa mvuke, kisha humwagiwa mchuzi wa samaki wa miambani wenye nyanya na pilipili kidogo, na kuzungushiwa biringanya, pilipili hoho na maboga madogo. Ni chakula cha Tunisia kilichovuka maji zamani kikapata uraia. Mvinyo mwekundu hapa huleta ladha ya chuma kwa sababu ya samaki. Mvinyo mweupe usio na harufu hupotea ndani ya viungo. Zibibbo hupata kazi ya kufanya: harufu ya maua hukutana na utamu wa ngano na mboga, na ukavu wake husafisha mafuta ya mchuzi. Pilipili ikiwa ya kiasi hakuna ubaya. Ikiwa kali ya kutoa machozi, kilevi cha mvinyo huongeza moto, na ni bora kuchagua chupa isiyozidi asilimia 12 au 13.

Kuna pia tambi za kujazwa zinazoitwa ravioli amari. Jina linasema ni chungu, lakini hazina uchungu. Ziliitwa hivyo kuzitofautisha na zile tamu za kula baada ya mlo. Ndani yake kuna jibini laini ya rikota na majani ya mnanaa. Mnanaa na zibibbo ni jirani wa harufu, na pengine hapa ndipo mvinyo huu unapojieleza vizuri kuliko pote, hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu kisiwa. Jibini mbichi ya kienyeji, tumma, inafaa kwa sababu hiyo hiyo. Mchuzi mbichi wa nyanya, kitunguu saumu, mrehani na mafuta, unaopakwa juu ya samaki wa kuchoma, nao unafaa ikiwa nyanya zimeiva kweli.

Nyama ya ng'ombe ya kuchoma huumeza mvinyo huu pasibaki kitu. Chakula kichungu, kama majani ya mboga za porini yaliyochemshwa bila mafuta, huuongezea uchungu wake.

Kwa upande wa passito sheria ni moja tu inayostahili kukumbukwa: mvinyo uwe mtamu angalau sawa na chakula. Keki yenye sukari nyingi kuliko bilauri huugeuza mvinyo kuwa mchachu. Vitumbua vya maua vya kisiwani, baci, vinavyokaangwa na kujazwa rikota yenye sukari kidogo, viko kwenye mpaka unaokubalika. Biskuti kavu za lozi ni salama zaidi. Lakini mwenzi bora wa passito si kitamutamu. Ni jibini yenye ukungu wa buluu, ambayo chumvi yake kali hukutana na sukari na kila upande ukapungua makali. Mwenye mgahawa anayetaka kuuza passito kabla wageni hawajashiba angefanya vyema kuanzia hapo.

Anachopaswa kusoma mnunuzi

Ushindani si wa kisiwa dhidi ya kisiwa. Zibibbo hiyo hiyo hulimwa Sisilia yenyewe, hasa upande wa Trapani na Marsala, kwenye mistari ya nyaya ambako mashine hupita na gharama ni ndogo. Hispania inayo kwa wingi. Afrika Kusini wanaiita Hanepoot na kuitengenezea mvinyo mtamu. Kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki, ambacho nacho ni cha volkeno, hutoa mvinyo wake mkavu na mtamu wa zabibu hii. Kwa hiyo neno zibibbo kwenye lebo ni jina la zabibu tu, halithibitishi kwamba mtu aliinama kwenye shimo la Pantelleria.

Yapo maneno manne ya kuangalia. Pantelleria Bianco ni mvinyo mweupe wa kisiwani wenye zibibbo isiyopungua asilimia 85. Moscato di Pantelleria ni mtamu wa wastani, na Passito di Pantelleria ndio wa zabibu zilizoanikwa. Ukiona neno liquoroso limeongezwa, mvinyo umetiwa pombe kali kuusimamisha usichachuke zaidi. Si haramu kisheria wala si lazima uwe mbaya, ila ni kazi nyepesi na bei yake inatakiwa iwe nyepesi pia. Wengi wamewahi kulipa bei ya passito kwa chupa ya liquoroso kwa kutosoma mstari wa pili wa lebo. Lebo yenye Sicilia au Terre Siciliane ina utata wake: zabibu zinaweza kuwa zimetoka bara la Sisilia, au zikawa za kisiwani kweli lakini mtengenezaji ameona jina la mkoa linauzika zaidi. Jina la anayetengeneza ndilo litakalosaidia hapo.

Mavuno nayo hayatabiriki. Mei 2016 moto uliteketeza sehemu kubwa ya misitu ya kisiwa, na mwaka huo huo sehemu kubwa ya Pantelleria ikafanywa hifadhi ya taifa. Mwaka 2023 ukungu wa peronospora, uliochochewa na mvua za masika zisizo za kawaida, ulipunguza vibaya mavuno ya Sisilia, Pantelleria ikiwemo. Mkulima mwenye mkataba wa mvinyo mkavu hupata angalau fedha ya mapema baada ya mwaka kama huo. Aliyeweka kila kichala kwenye anikio husubiri.

Kwa atakayeipata chupa, mvinyo mkavu unywewe ndani ya miaka miwili au mitatu, kwani harufu ya maua ndiyo ya kwanza kuondoka. Upoozwe hadi nyuzi 8 au 10. Ukitolewa kwenye barafu ukiwa na baridi ya kugandisha hautanukia chochote, na mnunuzi atakuwa amelipia maua asiyoyasikia. Ukishafunguliwa, siku mbili au tatu kwenye jokofu zinatosha. Passito hupenda joto zaidi kidogo, nyuzi 12 hadi 14, na sukari yake huilinda kwa wiki kadhaa baada ya kizibo kutoka.